Mama Alizima Taa, Ninyi Mukawasha

Mbele ya kuingia mu kazi ya wino, nilikuwaka convoyeur wa camion, ule anayechunga mazigo juu yake. Njia ya Kirumba, mwenye kuijua anaijua. Siku moja camion yetu ilizama mu matope na mazigo ya poireaux, mboga ndugu ya kitunguu, tumbo yake ikakaa chini kama kuku anayelalia mayai. Tulibakia pale siku tatu. Poireaux ikianza kuoza iko na harufu ya kitunguu chenye hasira: inaingia mu nguo, inaingia mu mukate, mpaka leo batu bakiniletea soupe ya poireaux ninatafuta mulango. Chauffeur wetu, muzee moja Mwislamu wa Beni, alikuwa anasali pembeni ya gurudumu, na kila akimaliza anatuambia: "Nimewaombea na ninyi. Mais pelle ya kuchimba matope iko mu mikono yenu."

Siku ya tatu mama moja wa pembeni ya njia akatuletea karanga, amezifunga mu karatasi. Nikakula, nikafungua karatasi nitupe, nikaona mutu. Amesimama mu mulango, kofia kichwani. Mwili nyeusi, ukuta nyeusi, mulango nyeusi. Fasi nyeupe zilikuwa mbili tu: jicho na ncha ya kiatu. Mbele yake mvua. Hakukuwa neno hata moja pale. Mais nilijua ya kama ule mutu amekuja kufanya mabaya, na nilijua pia ya kama hapendi kuyafanya. Nani aliniambia? Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya primaire, na ule wa tatu sikuumaliza. Karatasi njo ilinisoma.

Chini yake kulikuwa jina ya atelier, nyumba ya kazi ya bachoraji, na neno Butembo. Camion ilipotoka mu matope na kufika Butembo, nikashuka. Poireaux nilimuachia Mungu.

Hii maneno ninawaandikia kutoka Beni, ninyi muliobakia mu atelier, juu mumesema ku batu kwamba Muzee Katembo alikasirika bule, uzee umemupanda kichwani. Sawa. Nimekasirika, hapana bule. Mukae, musome. Sitazungumuza nani alipanda cheo na nani hakupanda. Kwetu cheo zilikuwa mbili tu, ule wa karibu na dirisha, na sisi wengine.

Papa Mbusa, mwenye atelier, alikuwa anafanyia kazi ku étage ya nyumba ya mbao, upande wa soko. Mutu mufupi, mikono ya mupiga matofali. Alichora bédé, hadithi za picha, za giza: bauaji, bapolisi, babibi wenye siri, mu muji ya mvua ambayo kila mutu alitambua ni Butembo hata kama jina haikuandikwa. Mupelelezi wake aliitwa Inspecteur Muhindo, mutu mwembamba mwenye koti moja, na ile koti haikukauka tangu kitabu ya kwanza. Kila mara Muhindo anamupata mwenye kosa, na kila mara ile kupata inamuumiza kuliko kukosa. Njo sababu nilipenda hizi bédé. Bitabu bingine bilikuwa binaniambia muzuri ni huyu, mubaya ni huyu, kama catéchisme. Papa Mbusa alikuwa ananionyesha mutu, kisha ananiachia.

Nilifika kwake na ile karatasi ya karanga mu mufuko, mafuta yote.

"Unajua kuchora?" akaniuliza.

"Hapana, papa."

"Mungu asifiwe. Benye kujua banatakaka kutengeneza dessin yangu. Keti."

Akanipa karatasi yenye mistari, na ndani ya mistari ametia alama ndogo za x na crayon. Kila fasi yenye x, ujaze nyeusi. Njo kazi yangu hiyo, na niliifanya zaidi ya miaka makumi tatu. Batu banafikiri kazi ya bédé ni kuchora. Kuchora ni ya mutu moja. Giza iko na mufanyakazi wake.

Siku ile ya kwanza nilijaza sura ya muuaji. X ilikuwa ya kofia, mukono ukashuka. Papa Mbusa akachukua karatasi, akaenda nayo ku dirisha, akaiangalia mpaka nikasikia mama moja kule chini anatukana mbuzi, akaitukana, akamaliza.

"Sasa hatumuoni," akasema.

"Pardon, papa."

"Hapana pardon. Wakati tulimuona alikuwa mutu tu. Sasa hatumuoni, njo anatutisha. Mais kesho ukishuka tena bila x, nitakujaza weye."

Muandike na hii juu ya byombo, juu ninyi ba ordinateur munabonyeza tu nyeusi inakuja yenyewe, haijui hata ilitoka wapi. Butembo ni baridi, wino wa Chine inakawia kukauka. Ukiwa na haraka unaburuta mukono juu yake na inspecteur anaota ndevu. Beni ni joto, wino inakauka ku pinceau, ile burashi yetu, mbele haijafika ku karatasi. Pale unatia tone moja ya glycérine. Nyeusi inapakwa mara mbili, ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa kukata, kama kulima shamba ya mulima. Ukipaka mara moja, ile machine ya photocopie inairudisha majivu, inspecteur anaonekana mwenye malaria. Wembe ni ya kukwangua mvua: mistari myembamba ndani ya nyeusi, hapana kutetemeka. Kama umetetemeka, ni upepo, usimuambie mutu.

Na gouache nyeupe, rangi ya maji ya kufunika makosa. Papa Mbusa hakuipendaka. Siku moja alichukua page tuliyoharibu, mimi nimefunika makosa na gouache fasi yote. Akalowanisha kitambaa, akapitisha mara moja. Nyeupe yote ikatoka mu kitambaa. Nyeusi ikabakia vile vile, inang'aa.

"Umeona? Nyeupe ni mugeni. Ukimupa maji, anaenda. Wino ya Chine ikikauka, njo mwenye nyumba."

Muichunge ile neno, nitairudilia.

Kesi ngumu zilikuwa mingi. Siku moja mukubwa wa kiaskari alipanda ngazi na kitabu mu mukono, sisi wote tukaanza kutafuta kazi chini ya meza. "Huyu colonel mubaya, ni mimi?" Papa Mbusa akamuangalia pole pole. "Mon colonel, huyu wangu iko na nywele." Ule mukubwa akavua kofia, akajishika kichwa, akacheka mpaka akakaa. Kisha yake bakubwa bengine batatu balikuja kuuliza kama ule mubaya ni bao, na tulipowaambia hapana, balienda na huzuni. Hakuna hata moja aliyeuliza kama yeye njo maiti.

Sasa musiseme ya kama Muzee Katembo anachukia filme. Uongo. Filme nilizipenda, na nilifundishwa kuziangalia. Tulikuwa tunapeleka bitabu Beni, ku mama moja wa commune ya Beu aliyekodisha bédé pembeni ya soko, na karibu na yeye kulikuwa nyumba ya video, mabanc ya mbao, muchana kati. Siku moja baliweka filme iliyotoka mu bédé ya bazungu, ya mutu na kofia na mvua, hakuna rangi, nyeusi na nyeupe tu. Papa Mbusa aliiona mara tatu. Mara ya tatu akasimama mbele ya écran, akafunika nusu na mukono wake mukubwa.

"Papa, weye ni mulango? Toka!" batu bakalalamika.

"Ninaangalia giza."

"Giza yako iko na mugongo! Tuachie filme!"

Mu njia ya kurudi alikuwa na furaha kama mutu aliyebatiza mwana. "Ule mwenye kufanya filme," akaniambia, "alisoma x zote. Hakuogopa fasi ambapo hakuna kitu." Kumbe inawezekana. Njo juu ya ile ninakasirika leo. Kama haikuwezekana, ningenyamaza.

Tufike ku kitabu ya mwisho. Iliitwa *Kambale Haiko*.

Ninyi bote ni bana ba hapa, mais ninaandika juu mugeni akisoma asipotee. Kwetu Banande mutoto anapewa jina ya namna alizaliwa: kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo kama mimi. Hata akikufa mutoto, nafasi yake inabakia. Basi mu kitabu, mufanya biashara moja wa Butembo anakutwa amekufa mu dépôt yake ya kahawa. Inspecteur Muhindo anafika ku kilio, anakaa mu mabanc na bengine, anapewa bugali. Wakati wa kubeba sanduku, muzee wa jamaa anaita bana: "Paluku! Kasereka!" Babili banasimama. Batu bote banaangalia chini. Muhindo anaacha bugali mu mukono. Anaenda nyuma ya nyumba, anamukuta mama wa nyumba ile, mujane wa marehemu, anamenya biazi.

"Mama, Kambale iko wapi?"

"Alikufa mutoto."

"Kaburi yake?"

Mama anaendelea kumenya. Case inayofuata, kile kisanduku cha dessin: kiazi, kisu. Inayofuata: kiazi kimekuwa kidogo sana. Njo jibu. Hakuna mutu aliyesema kitu, na kila mama wa Butembo aliyesoma ile page alishika mudomo. Kambale hakukufa. Baba yake alimufukuza akiwa mutoto, akakataza jina yake isemwe tena mu lupango, mu kiwanja ya jamaa. Amerudi mutu muzima, na amemuua.

Page ya mwisho, Kambale amejificha ku mama yake. Muhindo anapiga hodi. Mama iko na taa ya pétrole mbele yake. Papa Mbusa aliniletea ile page, nikaitafuta dessin, nikaona x. Karatasi yote x. Fasi moja tu haikuwa nayo: bidole bine bya mama, binashusha utambi.

Nilijaza siku muzima. Mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili kwa kukata. Nikamuuliza, "Papa, kisha? Muhindo anaingia? Anamushika?"

"Mama yake alizima taa," akasema. "Mimi ni nani niwashe?"

Kisha yake hakuchora tena. Alikufa mu kitanda yake, akilala, kitu ambacho hakuna mutu wake hata moja alikipata mu bédé. Panya na toiture yenye kuvuja bilikula page zake za asili, mwaka ku mwaka. Ilibakia ile moja. Kavira, binti yake, akashika atelier, na aliishika vizuri, sitamusema mubaya. Ile page tuliiweka mu sanduku ya mbao, na ufunguo ku musumari, mbele ya macho ya bote, juu kwetu hatukufichanaka kitu.

Basi akaja ule kijana wa Kinshasa wa kufanya filme ya ile kitabu. Chaussures nyeupe mu matope ya Butembo, nikamuhurumia. Akasema jina yake ni Kakule. Nikafurahi! Hii njo kosa yangu, na ninaiandika kama ilivyo, mutu mwingine asiichukue. Nikasema moyoni, huyu ni damu, huyu ataelewa. Nikamuuliza namna tunaulizanaka sisi kwa sisi:

"Kakule, bakubwa yako batatu bako wapi?"

"Batatu gani, vieux? Niko mwana wa pekee. Kakule ni jina ya papa, iko mu passeport."

Kakule wa pekee! Mutu wa ine asiye na wa kwanza! Pale pale ningefunga mulango. Mais nilicheka, nikamupa kiti ya karibu na dirisha.

"Itakuwa fidèle, vieux na ngai," akaniambia, njo kusema muzee wangu. "Nyeusi na nyeupe, sawa sawa kama kitabu."

Myezi ikapita, balipiga filme yao huko na huko, kisha akarudi na karatasi za maneno ya filme, za kutuonyesha. Nikasoma pole pole, kidole chini ya neno. Paluku amekuwa Steve. Kasereka amekuwa Patrick.

"Na Kambale?"

"Kambale anakuwa Kevin. Batu ba Kinshasa hawatazoea haya majina ya kwenu, yote inafanana."

"Kevin ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini, vieux?"

Nikamuangalia. Yeye akaniangalia. Kweli hakujua. "Sasa Inspecteur anajuaje kama kuko mutu anakosekana?"

"Ah! Téléphone inalia," akasema, na sura ikamutoka mwangaza kama aliyevumbua moto. "Mutu asiyejulikana anamuambia."

Téléphone! Papa Mbusa alikaa mwaka muzima na kile kiazi. Nikamuambia na sauti yenye kusikika mpaka soko, na ninyi mulisikia, mulishusha macho ku ma ordinateur yenu. Kavira akanivuta ku ngazi.

"Papa Katembo, pole pole."

"Kavira, banaua baba yako mara ya pili."

"Na kama filme haiko, nani atamukumbuka? Panya?" Machozi yalikuwa karibu. "Kitabu yenyewe haichapwi tena. Unataka akumbukwe na weye mutu moja?"

Nikarudi ku meza, nikachukua pinceau, na ile kuchukua balihesabu ndiyo.

Kisha akataka affiche, karatasi kubwa ya kutangaza filme. Akataka ile page ya mwisho, ya asili, mais tufungue giza na gouache, sura ya acteur wake ionekane juu ya bidole bya mama. "Mukono ni wako, vieux, hakuna mwingine." Nikasema hapana. Kwa Kiswahili hapana, kwa Kifaransa non, kwa Kinande nikasema neno ambalo mama yangu angenipiga. Nikafunga sanduku. Ufunguo nikauweka ku musumari.

Dimanche, kisha misa, saa nane ya muchana, balionyesha filme mu salle moja kubwa ya Butembo. Batu balijaa. Niliketi mbele na Kavira, cravate ya marehemu ndugu yangu inanikaba. Rangi! Majani ya kijani, jua, koti ya Muhindo imekauka na imepigwa pasi. Kilio baliiweka na musique. Mama hamenyi biazi. Anazungumuza, anazungumuza, anaeleza yote mpaka nikataka kumushika mudomo. Na mwisho hazimi taa. Hapana! Mama mwenyewe anafungua mulango, anamutoa mwana wake ku polisi, banakumbatiana, polisi banapiga mikono. Nyuma yangu mama moja akaongea na mwenzake: "Ni mama wa wapi huyu?" Ile njo critique ya kweli niliyosikia siku ile.

Bakawasha mataa ya salle. Pembeni ya écran balikuwa balifunika kitu na pagne ya kitenge. Kakule wa pekee akaifunua. Ni page yetu. Ya asili. Na mu kati ya giza ya Papa Mbusa, juu ya bidole bya mama, sura ya Kevin, nyeupe, meno yote, kama tangazo ya sabuni.

Nilitambua pinceau. Ni mumoja wenu. Mimi njo nilikufundisha kushika ule mukono wa pinceau, chini, karibu na nywele, usitetemeke. Hukutetemeka hata. Jina yako sitaiandika, unaijua.

Nikamugeukia Kavira. Alikuwa amefunika mudomo na mikono yote miwili. Hakujua. Ile pia niliiona, na ninaiandika.

"Na sasa," Kakule akasema mu micro, "muzee aliyefanya kazi na Papa Mbusa mwenyewe atatuambia kama tulikuwa fidèle! Papa Katembo!"

Batu bakapiga mikono. Nikapanda. Nikamuomba maji.

"Muzee iko na kiu!" akacheka, akanipa chupa yake.

Nikatoa mouchoir mu mufuko. Nikaimwangia maji mpaka ikavuja ku chaussures zake nyeupe. Nikauliza salle, bila micro: "Bamama! Katikati ya Paluku na Kasereka kuko nani?"

"Kambaleee!" bakajibu, kama mu misa.

"Haiko," nikasema.

Nikapitisha mouchoir. Mara moja, pole pole, kutoka paji ya uso mpaka kidevu. "Vieux! Vieux, unafanya nini?" Sura yote ikanifuata mu kitambaa, meno yake yote. Nyeusi ikabakia fasi yake, imelowa, inang'aa kama siku ile nilimaliza kuipaka. Na bidole bine bya mama, juu ya utambi. Mu salle nikasikia mutu moja akavuta pumzi, kisha bengi.

Nikaitoa ile page ku kibao, nikashuka, nikaiweka juu ya magoti ya Kavira.

"Ikauke kwanza," nikamuambia. "Usiifunge ikiwa na maji."

Akanishika mukono. "Papa Katembo, kesho utakuja?"

Pinceau yangu iko mu verre ya maji ku dirisha ya atelier, ya nywele nzuri, ningali sijaisafisha. Nilitoka na mouchoir nyeupe inadondoka maji ku njia, nikafika fasi ya mataxi ya Beni, nikaingia.